Kompyuta Haina Machozi

Swahiba, Jumatatu tarehe tatu nimesimamishwa kazi ya ulinzi kwa kosa la kulia. Ndiyo, kulia! Mimi!

Nimekaa zangu mapokezini. Kompyuta ya pale, ile pawa saplai yake, kisanduku cha nyuma kinachoingia waya wa umeme, feni imejaa vumbi. Inalia ngiii, ngiii, kama mtoto mwenye homa. Meneja akapita, akasikia.

Akanishika bega. "Pole, mzee wangu. Tangu mama watoto afariki hujatulia. Nenda nyumbani ukapumzike."

Nikamwambia, bosi, silii, ni kompyuta. Izime usikie.

Unajua alinijibu nini? "Mzee, kompyuta haina machozi."

Kompyuta haina machozi! Na yangu kayaona wapi? Mke wangu nilimzika, kesho yake huyuhuyu akanipanga zamu, hata pole hakunipa. Leo feni imekwaruza ndiyo anakumbuka nina msiba!

Kiti changu kampa shemeji yake.

Sasa hivi dada wa mapokezi kanipigia, anacheka mpaka anakohoa: "Baba, huku bado ngiii, ngiii! Meneja kamshika shemeji yake bega, anampa pole!"

Haya niambie, huyo naye kafiwa na nani?