Kibuyu Kilichooshwa

Mdogo wangu Luul,

Salaam aleikum. Mwanangu Hamse ametulaza kwenye hoteli kubwa ya zamani, katikati ya Nairobi, ili baba yake, Abass, awe karibu na daktari. Zulia ni laini mpaka naogopa kulikanyaga.

Maziwa ya ngamia uliyotuma yalifika. Lakini wahudumu walisikia harufu ya moshi uliokifukizia kibuyu, wakadhani yameharibika. Wakayamwaga, wakakiosha kibuyu kwa sabuni, wakaniletea kwenye sinia huku wakitabasamu. Ningewagombezaje?

Abass hali chochote. Alikuwa akingoja maziwa hayo tu. Alikinusa kibuyu, akageukia ukuta.

Daktari amesema tumrudishe nyumbani. Fukiza kibuyu kingine. Tunaondoka kesho, kama ataiona kesho.

Dada yako,
Fathia