Mashine Iliyojichosha Bure

Mume wangu mpenzi,

Nyumbani tu wazima, ila kitanda kimekuwa kipana mno. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, na paka amezalia ndani ya boksi la viatu vyako vipya. Usinune.

Kazini, ile mashine kubwa inayogeuza umeme wa jua uingie kwenye laini tatu za gridi ya taifa ilikuwa inachemka. Tuliipangia isahihishe hata kosa dogo kabisa la umeme, ikawa inawasha na kuzima swichi zake bila kupumzika. Nimeipangia upya: kosa dogo ilivumilie, kubwa ilikimbilie. Imepoa, na umeme uko sawa. Fundi mwenzangu akasema, "Kumbe ilikuwa inajichosha bure."

Nikakukumbuka wewe. Binti yetu ni mboni ya jicho lako, lakini kila ukipiga simu unamsahihisha hesabu. Siku hizi simu ikiita, anajifungia chooni.

Jumapili usimuulize hesabu, baba watoto. Muulize paka amezaa wangapi. Ni wanne, ila yeye atasema watano, maana anamhesabu na mama yao.

Waache wawe watano.

Wako anayelala katikati ya kitanda,
Mama watoto