Kikombe Kikubwa cha Mgeni

Kisorya, Bunda,
Mkoa wa Mara.
11 Novemba 2024

Mpendwa Kaka Masatu,

Shikamoo kaka. Wifi hajambo? Na watoto, na msimu wa korosho huko Newala unaendaje? Sisi huku tu wazima, ila mafua yalimshika Evance, na mume wangu unamjua, akipiga chafya mbili kijiji kizima kinapewa taarifa. Ziwa limetulia, dagaa wapo, mvua imeanza kuchungulia. Tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatizaga. Nikisema "Mama", wewe unasema "Desemba". Leo hunikatizi ng'o! Soma mpaka mwisho, ndipo uamue kama bado unakuja kumhamisha.

Najua ulichokiona Pasaka kilikuumiza. Mama alishikwa huku na huku ndipo akainuka kwenye kiti, na wewe ukaenda kulia nyuma ya jiko ukidhani hatukuoni. Ulisema mzazi asiyeweza kusimama mwenyewe haachwi mbali na mwanawe wa kiume. Sikulaumu. Lakini kumtoa Mama Kisorya ni kumtoa kwenye kaburi la Baba, kanisani kwake, na kwa Gaudensia jirani yake. Tangu umwambie, nilikuwa namsikia kwenye sala akiomba asife ugenini.

Sasa sikia! Mwezi wa nane walikuja watafiti wenye ofisi yao Butiama, wanaangalia chakula kinafanya nini kwenye misuli ya wazee. Wanasema mwili wa mzee hautumii chakula kama wa kijana. Unadai protini zaidi, na ukiikosa unaanza kujila nyama zake wenyewe, za mapajani na mikononi. Nilishtuka, kaka. Si unakumbuka Mama alivyokuwa anatupa sisi sato, yeye anachovya ugali kwenye mchuzi? Na sisi wajinga tulijua hapendi samaki!

Kila mzee alipimwa. Anakaa kwenye kiti, amekunja mikono kifuani, wanahesabu anasimama mara ngapi ndani ya nusu dakika. Gaudensia alisimama mara nne. Mama hata moja. Akacheka kwa aibu, akajifunika kanga usoni.

Kisha ikapigwa kura ya bahati nasibu. Wazee wote wafanye zoezi la kukaa na kusimama asubuhi na jioni, lakini nusu yao tu wapewe unga wa uji uliosagwa na dagaa, soya na karanga, kwa wiki kumi na mbili, ili ionekane tofauti. Mama akapata unga. Gaudensia akakosa.

Wiki ya sita akarudi Debora, binti wa vipimo. Mama akasimama mara moja tu, tena anatetemeka. Gaudensia, aliyekosa unga, mara tisa! Debora akadhani amechanganya karatasi, akawapima upya. Mama moja, Gaudensia tisa, na anauliza kama aendelee! Mimi nikasema basi, Masatu amemchukua Mama.

Debora akamuuliza kama uji anakunywa. Mama akajibu kila siku. Akamuuliza tena, peke yako? Mama akamtazama kama ametukanwa.

"Nani anakunywaga uji peke yake?"

Kumbe! Gaudensia si anakuja pale kila asubuhi tangu wote wawili wawe wajane? Mama anapika fungu la siku kwenye sufuria moja, na kwa kuwa mwenzake ndiye mgeni, anampa kikombe kikubwa. Yeye anabaki na kile kidogo cha bati. Gaudensia alidhani Mama ameshakunywa cha kwake jikoni. Alilia, maskini, ikabidi Mama ndiye ambembeleze.

Na unajua nani alikuwa anaosha vile vikombe wiki zote sita? Mimi Ursula! Nimeviona kila siku, sikuona kosa. Hata wewe usingeliona, tumelelewa hivyo.

Daktari mkuu wa utafiti akaja mwenyewe. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akasema ukweli kwamba vipimo vya wazee hawa wawili havitaingia tena kwenye hesabu zao. Akamwomba Mama amalize wiki zilizobaki, ila anywe fungu lake lote. Mama akakataa papo hapo.

"Kizuri kula na nduguyo. Kama ni hivyo, chukueni unga wenu."

Weee! Nilitamani ardhi inimeze. Miguu ndiyo ile, wewe uko njiani, na yeye anarudisha unga! Nikamwambia, "Mama, Desemba inakuja." Akanijibu kwamba hata Desemba itamkuta na adabu yake. Daktari akamgeukia Debora, akamwambia aandike mafungu mawili.

Evance alipokwenda Musoma akanunua pale Nyakato vikombe viwili vinavyolingana, ili pasiwe na mgeni. Tangu hapo ni mashindano, kaka. Wanahesabu kwa sauti, wanatuhumiana kudanganya, wanacheka mpaka kuku wanakimbia uani.

Juzi Jumamosi Debora amepima mara ya mwisho. Mama mara nane! Nane, Masatu! Karatasi nimeiweka humu ndani usije ukasema natia chumvi.

Na jana kanisani, ilipofika Injili, watu wakasimama. Unajua mwaka wa pili huu Mama anabakigi ameketi. Jana aliinuka. Hakushika benchi, hakushika mkono wangu, akasimama mpaka mwisho. Usiniulize Injili ilisema nini, nilikuwa nalia.

Sisemi amekuwa msichana. Goti linamsumbua na kwenye mteremko wa ziwani anatumia fimbo. Unga wao nao umekwisha, lakini dagaa si wa kwetu? Namsagia mwenyewe, na samaki sasa tunamwekea kwenye sahani yake na kumsimamia mpaka amalize.

Kwa hiyo njoo Desemba, kaka yangu, tena njoo na wifi. Njoo kusalimia. Kile kiti cha magurudumu ulichomnunulia Mama mpe mwenye shida kweli.

Evance anakusalimu, Gaudensia pia, na Stanslaus wa Kigera anauliza lini utamrudishia redio yake. Mungu awalinde nyumba nzima, awape afya na usingizi mtamu.

Wako akupendaye daima,
dada yako mdogo,
Ursula

Kaka, Mama amesimama mlangoni hapa tangu nianze ukurasa huu, anataka kujua nimekuandikia nini. Nimemsomea yote. Anasema niongeze neno moja tu, kwamba ukija na kitu cha kumlisha, usilete cha mtu mmoja.