Vidonge vya Felista

Felista mwanangu,

Mjomba wako bado ndiye mtu mkubwa kuliko wote huku Kibosho. Bwana Shauri wa serikali hafungui baraza kabla hajaona nimekaa wapi, na yule simba niliyemkaba nyikani mpaka akaomba radhi sasa anajulikana hadi Himo. Ungekuwapo ungecheka. Ulizoea kusema, "Mjomba, simba huyo kila ukinywa mbege anaota meno mengine."

Hakuna anayecheka sasa. Mumeo Kasiani anapita kando ya mfereji kichwa chini, kwa sababu siku ya matanga nilimnyooshea kidole mbele ya ukoo mzima: "Wewe ndiye uliyemwua! Ulimnyima dawa!" Akanijibu kwa adabu tu, "Mjomba, vidonge vyote ulivyoleta alimeza." Nikamzomea. Watu wote wakanifuata mimi, maana nani asiyenifuata?

Unakumbuka ulivyokuwa kabla ya vidonge? Uso umevimba, sauti nzito kama ya mzee, unatetemeka kwa baridi juani. Mama mkwe wako akikuita mvivu. Mimi ndiye niliyekushusha Moshi. Daktari akakushika shingo, akasema tezi yako imechoka. Umeze vidonge viwili kila asubuhi, vilivyotengenezwa kwa tezi ya kondoo, maisha yako yote. Miezi miwili tu, ukarudi kuimba kanisani, na uvimbe wote ukayeyuka. Nikawa nashuka kila mwezi kukuchukulia. Nani mwingine angeaminiwa?

Halafu chupa zikaanza kufika nusu. Ukaniuliza, "Mjomba, mbona vichache?" Nikakwambia hospitali wamepunguza. Ukaniamini, ee Felista. Ukawa unameza kimoja. Sauti ikaondoka tena, ukarudi kulala jikoni karibu na moto, na baridi ya mwezi wa saba ikakukuta hivyo.

Lala, mwanangu. Jumapili baada ya misa nitamwita Kasiani mbele ya watu walewale nimwambie, hata wakinitemea mate. Naahidi. Hospitali hawakupunguza kitu. Nilivimeza mimi. Niliona vilivyokupunguza mwili wewe, na koti nililoshonewa kwa ajili ya harusi ya mdogo wako lilikuwa halifungi tumboni.