Ng'ombe wa Baba Kabula Nje ya Zizi Letu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu tukuzike sijakusumbua kwa maneno, na watu wa Kagongwa watakuambia mimi si mtu wa kukosa jibu. Leo nimekosa. Nakuandikia nimekalia ndoo iliyopinduliwa mbele ya zizi lako, na nje ya zizi wamesimama ng'ombe ambao sijui niwaite wageni au wenyeji.

Unakumbuka siku Masanja alipomrudisha dada yangu Limi. Limi alishuka kwenye bodaboda na sanduku lake, binti yao Kabula mgongoni, hajaanza hata kutembea. Masanja alikuwa ameshapata mwanamke mwingine huko machimboni. Wazee wakakaa, wakasema ndoa imekufa, mahari irudi, lakini tubakize ng'ombe wa mtoto, kama desturi yetu ilivyo, ili Kabula aendelee kuhesabiwa wa baba yake. Wewe ukakataa. Ukaniambia, "Peleka wote. Isibaki hata kwato. Mtoto ni wetu."

Nikawaswaga mimi. Unajua nilivyowaswaga. Kundi la fisi lilitufuata porini, nikaligeukia, nikaliambia kwa Kisukuma kwamba hawa ni ng'ombe wa mahari wanarudi kwao, na fisi wote wakakaa chini kama watu wa kanisani. Kila nilipoisimulia habari hiyo ulikuwa unasema alikuwa mbwa mmoja, tena kilema. Sasa haupo, na fisi wameongezeka.

Kabula akakua akikuita wewe baba. Mlikuwa mnakula michembe ya viazi vitamu kwenye bakuli moja, unamchagulia vipande vilaini, unamwambia ukizeeka yeye ndiye atakayekudunga sindano. Akaamini. Ndiyo maana leo anasomea uganga wa hospitali mjini Shinyanga, mwaka wa pili.

Lakini kuna jambo sikuwahi kukuuliza. Bibi wa ustawi wa jamii alipomwamuru Masanja atoe matunzo, ulinuna. Ulisema hatuli cha mtu yule. Limi akawa anapokea pesa kwenye simu kimyakimya, na wewe uliona sare mpya, uliona viatu, ukageuza uso ukaanza kuuliza habari za mvua. Sasa baba, tulikuwa tumemkataa mtu au tulikuwa tunamla? Kama mtoto alikuwa wetu kabisa, vile viatu vilikuwa vya nani?

Masanja alituma mpaka Kabula alipomaliza kidato cha sita. Alipoingia chuo, simu ikanyamaza. Mwaka wa kwanza nimeubeba mimi. Niliuza ng'ombe wangu, nikauza na pampu ya kule kwenye duara langu la kuchimbia Bugarama. Shimo lile lina dhahabu, baba, nasema kweli, kuna jiwe nililitoa likang'aa mpaka wachimbaji wa shimo la jirani wakadhani kumekucha. Ila kwa sasa limejaa maji. Na chuo kimesema asiyelipa ada hafanyi mtihani.

Basi nikaenda Geita kwa Masanja. Nikishuka stendi ya Geita bodaboda wanagombana nani anibebe, hilo linajulikana. Masanja nilimkuta kwenye karasha lake, linasaga mawe kwa kelele, nywele zake nyeupe kwa vumbi kama aliyekupita wewe kwa uzee. Alizima mashine, akanivutia kiti, akaagiza soda. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, soda ikaniharibia.

Akaniuliza, "Shemeji, niliamriwa kumtunza mtoto. Kabula sasa anapiga kura. Unamwita mtoto kwa lipi?"

Nikamwambia mtu akiwa shuleni ni mtoto. Akasema kuna watu wako shuleni wana wajukuu. Nikanywa funda la soda. Hapo akanimalizia.

"Na kwa kimila si wangu. Ng'ombe mlirudisha wote, hata yule wa mtoto hamkumbakiza. Wapokeeni tena, awe wangu, nitamlipia mpaka avae koti jeupe."

Baba, mimi niliyekalisha fisi niliaga na soda haijaisha. Alikuwa anasema maneno yako.

Nikarudi kwa bibi wa ustawi. Anasema mambo ya ng'ombe hayamhusu, baba ni baba, na kwa kuwa binti bado anasoma mahakama inaweza kuombwa imwamuru Masanja alipe, ila Kabula mwenyewe asimame aeleze. Nilitoka pale naona ana haki. Nilipofika njiani nikaona na Masanja ana haki. Nilipofika nyumbani nikaona hata wewe ulikuwa na haki, na kichwa kikaanza kuuma upande mmoja.

Leo asubuhi ng'ombe wamefika. Masanja hakungoja jibu langu. Kawaleta mchungaji wake, mtu mzima mwenye adabu, akasimama nje akasema ametumwa na Baba Kabula, tumfungulie.

Limi akatoka jikoni na unga mikononi. "Kaka, fungua zizi," akasema. "Mtoto afanye mtihani kwanza. Habari za nani mwenye mtoto tutazizungumza akishakuwa daktari."

Kabula yupo, kaja kungoja ada. Nikadhani atafurahi. Alikuja akasimama kati yangu na mlango wa zizi, akawatazama wale ng'ombe muda mrefu, halafu akaniambia taratibu kabisa, "Mjomba, nataka anilipie kwa sababu ni baba yangu. Ukifungua, atakuwa analipia alichonunua."

Limi akamwuliza atakula huo ubaba na mboga gani. Mtoto akalia. Mama yetu, mjane wako, naye akalia. Mchungaji akageuka akawa anatazama barabara.

Wewe ungesema nini? Najaribu kusikia sauti yako nasikia tu ile ya siku ile, peleka wote, na leo haifai, kwa sababu nikiwarudisha Kabula anatoka chuoni. Nikiwaingiza, nimekutoa wewe kwenye jina lake, na yeye mwenyewe hataki. Ulimpenda ukamfungia mlango wa baba yake. Silalamiki. Nasema tu mlango huo leo umenikuta mimi.

Ng'ombe walikuwa na kiu, wamekatisha mbuga siku kadhaa. Nikachota maji nikawapa palepale nje. Maji si mahari, mtu asije akasema.

Halafu nikampigia Masanja. Akauliza, "Umewapokea?"

"Wamekunywa maji."

"Shemeji, nimeuliza umewapokea?"

Nikampa Kabula simu. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe. Akaishika kwa mikono miwili na kusema, "Baba, shikamoo," na hilo neno baba hajawahi kumpa mtu yeyote ila wewe. Upande wa pili kelele za karasha zikazimwa. Kabula amesogea nyuma ya nyumba na simu, na bado wanaongea. Sisikii wanachosema. Limi kaniambia nisimsogelee.

Nimekaa hapa na ufunguo wa zizi. Pumzika, baba. Mimi sitoki kwenye ndoo hii mpaka arudi na simu yangu.

Ni mimi, mwanao mkubwa,
mjomba wa Kabula.