Usimwite Kadzo

Mpenzi wangu Baba Kadzo,

Sisi hapa Miritini tu wazima wa mwili. Wewe hali sikuulizi, ila nina neno nataka tulimalize.

Jeshi likikuita ulikwenda, likikuachilia ulirudi kwenye malori yako ya bandarini, nami nikakuzoea hivyo. Askari wa akiba, nilikuwa nakutania, askari gani huyu anaosha vyombo uani majirani wakimcheka? Ukirudi, hata buti hujavua, unasimama langoni unamwita binti yako. Naye mbio, "Abee baba," na ndara zako mkononi.

Safari ya mwisho ulirudi ndani ya sanduku lililopigwa misumari. Wenzako wa jeshini walisema lisifunguliwe, tukazika tusichokiona. Mama yako akasema palepale kwamba aliyezikwa bila kuonwa uso lazima asimikiwe koma, kile kijiti cha mti, nyumbani kwa wazee, roho yake ipate pa kukaa. Nilikataa. Nilimwambia mimi ni mtu wa kanisa, na ni kweli, lakini kubwa zaidi ni kwamba kijiti kikishasimama, basi umekufa.

Sasa tazama unachofanya. Kila magharibi Kadzo anaacha kula, anainua kichwa, anaitika, anachukua ndara na kwenda langoni. Mimi sisikii kitu. Mwanzo nililia tu nikimwonea huruma. Halafu juzi asubuhi nikazikuta ndara mlangoni, upande wa vidole umeelekea ndani, zina mchanga mbichi.

Jana hakuishia langoni. Nilimdaka ng'ambo ya barabara ya malori, hana viatu, anatembea bila wasiwasi wowote. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Baba anasema twende, si mbali."

Nilikupenda, na bado nakupenda mpaka kifua kinauma. Lakini mtoto huyu sikupi. Unanisikia? Sikupi.

Koma yako imeshachongwa. Kesho nakwenda kwa mama yako, na nitaishika kwa mikono yangu ikisimikwa. Kadzo nimempeleka Kisauni kwa dada yangu, kwa hiyo leo usihangaike kumtafuta. Jua linatua, niko peke yangu na lango nimeliacha wazi.

Niite mimi. Nitaitika mara moja, kisha nitafunga.

Mkeo,
Mama Kadzo