Jina Moja kwenye Amri ya Korti

Huruma,
21 Julai

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako, Kukhu. Sisi wazima. Maji yamerudi kwenye ploti tunakopanga, na nimemaliza vile vitabu vitatu ulivyonipa Aprili.

Shule inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Amri ya korti inasema unichukue kesho yake saa nne asubuhi, kwenye lango la kanisa, nikae kwako Bungoma wiki mbili. Nimeisoma yote. Ina jina langu tu, kwa sababu ilipoandikwa Mutie hakuwa amezaliwa.

Najua Mutie ni mtoto wa Mama na si wako. Ana miaka sita, na kila nikiondoka hulala na sweta yangu ya shule. Mwaka huu nataka kuja naye. Mama amekubali. Kukhu naye nilimpigia simu, akacheka: "Mlete! Kuku wangu hawajawahi kuuliza mtoto ni wa nani."

Jana Mutie aliniuliza, "Triza, baba yako ataniita nani?"

"Atakuita Mutie."

"Na asiponiita?"

Uso kwa uso ningeshindwa kusema haya, ndiyo maana naandika. Utatukuta wawili langoni. Ukimwita kwa jina, tutaondoka sote. Ukinyamaza, nitakusalimu kwa heshima, kisha nitamshika mkono turudi nyumbani.

Lakini nakujua, Baba. Mutie ameshafunga begi lake, nami sikumzuia.

Binti yako,
Triza